Asilimia 99 ya nani? Kusoma utafiti wa dawa mseto za homa ya ini C

Mdogo wangu Rashidi alinijia kwenye duka la dawa ninapofanya kazi, Ngara, simu mkononi. "Dada, wanasema asilimia 99 hupona homa ya ini C. Ni kweli?" Nilimketisha kwanza.

Anza kwa kuuliza walihesabu nini. Kwenye utafiti, kupona ni kirusi kutoonekana katika damu wiki 12 baada ya kidonge cha mwisho. Kikitoweka siku ya kumaliza dose tu, bado, kinaweza kurudi.

Halafu tafuta kundi la kulinganishwa. Asilimia ya Rashidi ilitoka kwenye jaribio la dawa liitwalo ASTRAL-1, la mwaka 2015: watu 624 walimeza sofosbuviri na velpatasviri, kidonge kimoja kila siku kwa wiki 12, na 116 wakapewa kidonge kisicho na dawa. Kati ya hao 116 hakupona hata mmoja. Namba hiyo ndiyo iliyonishawishi mimi, maana kirusi hakikujiondokea.

Sasa uliza nani walikuwemo. Hapa usiharakishe. Nchini Rwanda watu 300 walitibiwa kwa ledipasviri na sofosbuviri. Matokeo yakatoka 2019. Waliopona ni asilimia 87, jambo jema, ila wenye kirusi cha aina ya 4r walipona asilimia 56 tu. Wastani mzuri uliwafunika. Virusi vya Afrika vina aina zake, na tafiti nyingi kubwa zilifanyiwa kwingine. Nimeona namba kubwa ikimtuliza mgonjwa hadi akasahau kuuliza aina ya kirusi chake.

Je, aliyepona huishi zaidi? Majaribio ya miezi michache hayawezi kujibu. Utafiti wa Ufaransa wa 2019 ulifuatilia watu wapatao 10,000, na waliotibiwa walikufa kwa uchache. Lakini hapo hapakuwa na kura ya kuwagawa nani atibiwe na nani asitibiwe, kwa hiyo uupime kwa uangalifu, hata kama watafiti walizingatia umri na hali ya ini.

Mwisho, soma nani waliachwa nje na dawa gani walikatazwa. Rifampisini ya kifua kikuu hushusha nguvu ya sofosbuviri na velpatasviri. Homa ya ini B nayo ipimwe kabla, kwani inaweza kuamka wakati C ikitibiwa.

Rashidi alikuwa amebakisha miezi miwili ya dawa za TB. Tuliandika kila kidonge anachomeza kwenye karatasi, akaenda nayo kwa daktari.