SOMO: Soma naitrojeni kwenye majani ya ngano kabla ya kumwaga yurea

Nimechoka na "majani ya chini yana njano, niongeze yurea?" Someni hapa kwanza.

Ngano haigawi naitrojeni sawasawa. Majani ya juu yanayopata jua hupewa nyingi, kwani sehemu kubwa yake hutengeneza vimeng'enya vya usanisinuru. Jani la kivulini halina kazi nayo, hivyo mmea huihamishia juu. Shamba likishafunga, yaani majani yakifunika ardhi yote, jani la chini kabisa kufa ni kawaida.

1. Siku ya kupanda tenga ukanda wa mita 3 wa kulinganishia, upe naitrojeni maradufu.

2. Subiri fundo la kwanza lionekane kwenye shina.

3. Pima umbijani (ukijani wa jani) kwa kipimo cha kubana jani. Hapa ndipo wengi huharibu. Chukua jani la juu lililokwisha kufunguka lote. Linalojikunjua bado husoma chini, utadhani lina njaa. Bana katikati ya urefu wake, pembeni mwa mshipa mkuu, likiwa kavu na bila ugonjwa wa kutu. Majani 30 shambani, 30 ukandani, aina moja ya mbegu. Kisha rudia kwa jani la tatu kutoka juu. USIRUKE HILI: mmea wenye njaa hunyang'anya chini kulinda juu, kwa hiyo jani la juu huchelewa kuonyesha upungufu.

4. Gawanya wastani wa shamba kwa wa ukanda, jani la juu kwa la juu, la tatu kwa la tatu. Ukipata chini ya 0.95, kuzia, yaani ongeza mbolea ya naitrojeni.

5. Kilo 30 za naitrojeni kwa hekta ni yurea kilo 65, yaani 26 kwa ekari. Mvua iwe karibu, la sivyo naitrojeni itapotea hewani.

Swali: Mkuu, nina njano, mfuko mmoja unatosha?

Jibu: Eneo gani? Jani la ngapi? Rudi hatua ya 3.

Swali: Kama juu ndiko kwenye kazi, kwa nini tusimwage yote jani bendera (lile la mwisho, la juu kabisa) likitoka?

Jibu: Swali zuri. Wakati huo idadi ya machipukizi imeshaamuliwa, kwa hiyo ya kuchelewa huongeza zaidi protini ya punje kuliko mavuno. Tena punje zikijaa, jani bendera lenyewe hutoa naitrojeni yake kwenda kwenye suke. Likiwa na akiba ndogo hukauka mapema, na punje husinyaa.

Swali: Kwangu njano imeanzia majani machanga, chini kijani.

Jibu: Shuku salfa, ndugu, maana haihami kirahisi. Jaribu SA (mbolea ya salfeti ya amonia) kwenye kipande kidogo. Ila pitisha kidole kwanza: ukipata unga wa njano uliojipanga mistari, hiyo ni kutu, tafuta dawa ya ukungu.