Unasoma Kanada, wazazi wako nyumbani: usiipoteze nafuu ya kodi ya ada

Wadogo zangu, mwaka wangu wa kwanza sikujaza ritani, ile taarifa ya kipato na kodi ya kila mwaka. Nilijiambia: sina kipato, nidaiwe kodi ya nini? Kumbe ada ile, ambayo mama aliuza kiwanja ili ailipe, ilikuwa na haki ya kunipunguzia kodi baadaye.

Kwanza, kufikia mwisho wa Februari pakua fomu T2202 kwenye akaunti yako ya chuo. Angalia kisanduku namba 26, ndiyo jumla ya ada inayokubalika. Bweni na chakula havimo.

Pili, jaza ritani kabla ya Aprili 30 kupita, hata kama hukuingiza senti. Ile jumla iandike kwenye fomu iitwayo Schedule 11. Hapa ndipo wengi wanaporuka, na ndipo penye uzito. Nafuu hii hulipwi mkononi, inapunguza kodi tu. Kama mwaka huu hudaiwi kodi, ada inasogezwa mbele ikusubiri uajiriwe. Mwaka 2024 kiwango cha nafuu hii cha serikali kuu kilikuwa asilimia 15, kwa hiyo ada ya dola 20,000 iliweza kufuta kodi ya dola 3,000. Kiwango kimeshuka tangu hapo. Kinachohesabiwa ni cha mwaka unaoitumia.

Tatu, barua ya tathmini ya CRA (mamlaka ya kodi ya Kanada) ikifika baada ya kupitia ritani yako, hakikisha salio la ada limeandikwa humo. Itunze.

Sheria inaruhusu kumhamishia mzazi, babu, bibi au mwenzi wako hadi dola 5,000 za ada ya mwaka husika. Lakini mzazi aliyeko Dodoma halipi kodi Kanada, hana cha kupunguziwa. Isogeze mbele.

Mjomba wangu yuko Toronto na ndiye aliyelipa. Anaweza kudai yeye?
Hapana, ndugu yangu. Haiangaliwi nani kalipa; nafuu ni ya mwanafunzi, na mjomba hayumo kati ya wanaoweza kuhamishiwa.

Hela anazonitumia baba ni kipato?
Siyo. Msaada wa mzazi hautozwi kodi. Ila kama wewe ni mkazi wa Kanada kikodi na una nyumba umepangisha Nairobi, pango hilo litaje kwenye ritani.

Nimeruka miaka miwili, nimechelewa?
Bado. Jaza ritani ya kila mwaka peke yake, uanze na wa zamani. Kama hukudaiwa kodi miaka hiyo, hakuna faini ya kuchelewa. Mimi nilifanya hivyohivyo, na ada ya mama ikaonekana kwenye tathmini.