Somo: Kuusoma msitu wa mikoko darasani na topeni (mfano: Ghuba ya Gazi)

Somo hili ni la walimu wa sekondari na vyuo, pamoja na vikundi vya uhifadhi, wanaotaka kuwapeleka wanafunzi kwenye ardhioevu ya mikoko na kurudi na takwimu zinazofaa kutumika. Linahitaji vipindi viwili vya darasani, siku mbili za kazi ya nje, kisha vipindi viwili vya hesabu na maamuzi. Kwa tafsiri ya Mkataba wa Ramsar wa 1971, ardhioevu huingia hadi baharini, penye kina kisichozidi mita 6 maji yakipwa. Kwa hiyo mikoko ni ardhioevu sawa na bwawa la matete kule bara.

Mfano wetu ni Gazi, Kaunti ya Kwale, kilomita 50 hivi kusini mwa Mombasa. Msitu ni kama hekta 600, mito ya Kidogoweni na Mkurumudzi inaingia humo, na aina zote tisa za mikoko zinazotajwa Kenya zipo. Kuna sehemu zilizofyekwa miaka ya 1970 kwa kuni za viwandani, sehemu zilizopandwa upya tangu miaka ya 1990, na hekta 117 ambazo wanakijiji, kupitia mradi wao wa Mikoko Pamoja, huuza hewa ya ukaa yake (hulipwa kwa hewa ya ukaa ambayo msitu unaihifadhi) tangu 2013. Mwanafunzi anaweza kuona msitu uliokatwa, uliojiotea na uliopandwa kwa mwendo wa miguu wa siku moja.

Hatua ya 1: Maji kwanza, miti baadaye (darasani)

Walimu wengi huanza na majina ya miti, na hapo ndipo somo linapopinda. Mti wa mkoko unaota pale maji yanapouruhusu. Anza na jedwali la kujaa na kupwa la bandari iliyo karibu. Kwa Gazi ni la Kilindini.

Kutoka maji kujaa hadi kupwa ni kama saa sita na dakika 12, na kila siku mambo husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa zaidi, huja siku moja au mbili baada ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Pwani hii, wakati wa bamvua, maji hupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi na kujaa karibu na saa kumi. Ndizo siku zenu za kazi. Mkienda maji mafu, siku ambazo maji hujaa na kupwa kidogo, ploti (vipande vya msitu mtakavyopima) za upande wa bahari hazitakauka vizuri, na maji yatakayojaa hayatafika ukingo wa nchi kavu, kwa hiyo hamtapata kipimo cha huko.

Wanafunzi waelewe pia makundi matano ya mafuriko, yaani udongo hufunikwa na maji mara ngapi. Kundi la 1 hufunikwa mara 56 hadi 62 kwa mwezi, yaani karibu kila maji yajaapo. La 2 ni mara 45 hadi 56, la 3 mara 20 hadi 45, la 4 mara 2 hadi 20, na la 5 chini ya mara 2. Waandike haya daftarini, watayahitaji.

Hatua ya 2: Kuijua miti tisa (darasani, kwa matawi)

Leteni matawi mabichi, si picha tu. Mlilana una jani nene la duara, na mizizi yake ya kupumulia ni minene kama pia zilizopinduliwa. Mchu una jani lenye weupe wa kijivu chini, mara nyingi na chembe za chumvi, na mizizi myembamba kama penseli. Mkoko wenyewe una ncha kali mwishoni mwa jani, vidoa vyeusi chini yake, na mizizi inayotoka shinani na kushuka topeni. Muia una kikombe chekundu cha ua na mizizi iliyopinda kama magoti. Mkandaa una jani lenye ncha butu. Mkomafi unatambulika kwa tunda kama mpira na mizizi inayotambaa kama utepe uliosimama. Mkomafi dume ni nduguye mwenye matunda madogo. Msikundazi una jani la rangi ya fedha chini na tunda lenye mgongo kama mkuku wa jahazi, nao hukaa penye maji baridi, yasiyo ya chumvi. Kikandaa ni mdogo, jani nene lenye pengo nchani.

Andikeni jina la kisayansi kando ya jina la Kiswahili: *Sonneratia alba*, *Avicennia marina*, *Rhizophora mucronata*, *Bruguiera gymnorhiza*, *Ceriops tagal*, *Xylocarpus granatum*, *Xylocarpus moluccensis*, *Heritiera littoralis*, *Lumnitzera racemosa*. Majina ya Kiswahili hubadilika kutoka mji hadi mji.

Hatua ya 3: Ruhusa na vifaa

Barua iende ofisi ya Huduma za Misitu, kwa kikundi cha wavuvi cha ufukwe na kwa jumuiya ya msitu ya kijiji. Mwombeni mtu wa kijijini awaongoze, alipwe. Anajua pa kukanyaga.

Kila kikundi cha wanafunzi sita kiwe na: futikamba ya mita 50, kamba ya mita 40 yenye fundo kila mita 10, futikamba ya fundi nguo, dira, refraktomita (kifaa cha kupima chumvi kwa tone la maji) na chupa ya maji yaliyochujwa kwa mvuke, sirinji ya mililita 60 yenye mpira mwembamba, bomba la plastiki la mita moja lenye matundu kwenye sentimita 10 za chini na kitambaa kilichofungwa juu ya matundu hayo, fimbo tatu za mita 2, na chupa ndogo 20 kwa kila fimbo. Penseli, si kalamu ya wino. Viatu vya kufunga kamba, kwa sababu ndara hubaki topeni na chaza walioshika mizizi hukata kama wembe.

Hatua ya 4: Siku ya kwanza, fimbo za chupa

Mstari mmoja unyooke kutoka ukingo wa bahari hadi nchi kavu. Chomekeni fimbo tatu: upande wa bahari, katikati, na ukingoni juu. Kila fimbo ifungwe chupa kuanzia usawa wa udongo, kila sentimita 10, mdomo juu. Fimbo ya ukingoni zifungwe kila sentimita 5, kwani huko tofauti ndogo hubadilisha kundi zima. Mvua ikitarajiwa, fungeni kifuniko na mtoboe tundu ubavuni chini ya shingo. Hapo pimeni hadi kwenye tundu.

Kesho yake maji yakipwa, tafuteni chupa ya juu kabisa iliyojaa. Maji yalifika kati ya mdomo wa chupa hiyo na wa ile iliyofuata juu. Hesabu ni hivi: kama jedwali lilisema maji yangejaa hadi mita 3.7, na fimboni yalisimama sentimita 50, basi udongo wa hapo uko mita 3.2 kwa kipimo cha jedwali. Sasa rudini kwenye jedwali la mwezi mzima mhesabu ni mara ngapi maji yanapita 3.2. Zikiwa mara 18, hapo ni kundi la 4.

Maji yamejaa mara mbili kati ya kuchomeka na kusoma. Tumieni kimo kikubwa cha hizo mbili, la sivyo hesabu itaonyesha udongo uko chini kuliko ulivyo.

Hatua ya 5: Siku ya pili, ploti

Ratiba ndiyo usalama wenu. Fikeni ploti ya upande wa bahari kabla ya saa nne, mwanze kazi huko, kisha mpande kuelekea nchi kavu huku maji yakiwafuata nyuma. Wanaoanza juu wakaishia baharini hukutana na maji yanayorudi, na mifereji waliyoivuka kwa kifundo cha mguu huwa imefika kifuani.

Ploti ni mita 10 kwa 10, angalau tatu kwa kila ukanda: upande wa bahari, katikati, na ukingoni juu. Ndani yake pimeni kila mti wenye kipenyo cha sentimita 2.5 au zaidi. Mzunguko wa shina hupimwa kwenye kimo cha mita 1.3, lakini kwa mkoko pimeni sentimita 30 juu ya mzizi wa juu kabisa. Gawanyeni mzunguko kwa 3.14. Mzunguko wa 31.4 ni kipenyo cha sentimita 10.

Kwenye pembe moja ya ploti tengeni mita 5 kwa 5 mhesabu miche: chini ya sentimita 40, sentimita 40 hadi 150, na iliyopita 150 lakini bado haijawa mti. Hapa ndipo wanafunzi huchoka na kukadiria. Msikubali. Takwimu ya miche ndiyo inayoamua karibu kila kitu mwishoni.

Hesabuni visiki pia, mkivipanga kwa majina ya soko, kuanzia vyembamba hadi vinene: fito, pau, mazio, boriti, nguzo, banaa. Visiki vikijaa kwenye boriti na miti iliyosimama ikawa imepinda, msitu haujafyekwa, umechujwa. Kwa mbali unaonekana kijani na mzima.

Chumvi ya ndani ya udongo: sukumeni bomba hadi sentimita 50, vuteni maji ya kwanza muyamwage kwani yamechanganyika na ya juu, subirini yajae tena, ndipo mchukue tone. Refraktomita isomeke 0 kwa maji yaliyochujwa kabla ya kila ploti, na msiiache juani. Maji ya bahari ni karibu 35, yaani gramu 35 za chumvi kwa kilo moja ya maji. Kwenye mchu mfupi wa ukingoni juu, msishangae kuona zaidi ya 60. Ikipita 90 mara nyingi hakuna mti.

Hatua ya 6: Hesabu na uamuzi (darasani)

Idadi ya miti kwenye ploti zidisheni kwa 100 mpate idadi kwa hekta. Miche ya mita 5 kwa 5 zidisheni kwa 400. Kisha chora mstari mmoja wenye kimo cha udongo, chumvi na aina ya mti. Mchu utajitokeza mara mbili, mrefu upande wa bahari na mfupi upande wa nchi kavu. Si kosa la kipimo.

Uwiano wa miche unaotosha ni 6:3:1, wadogo sita kwa wa kati watatu kwa mkubwa mmoja. Ukiwapo, msipande kitu. Zuieni ukataji na mbuzi. Wadogo wakiwa wengi na wakubwa hakuna, kitu kinawaua njiani: maji kuzibwa, mchanga, mifugo. Kupanda juu ya tatizo hilo ni kupoteza mbegu. Wadogo wasipokuwepo kabisa na kimo cha udongo kikawa sawa, hapo mbegu hazifiki, na kupanda kuna maana.

Kosa kubwa la miradi ya kupanda ni kuchomeka mkoko kwenye tope tupu la mbele au juu ya majani ya bahari, kwa sababu hapo hapana mwenyewe na mbegu yake ndefu ni rahisi kushika. Huko ni kwa mlilana, au si kwa mti wowote.

Maswali ya walimu na vikundi

Mwalimu, shule yetu haina refraktomita. Tufanyeje? (Pangani)
Kausheni mililita 100 za maji kwa moto mdogo na mpime chumvi inayobaki kwa mizani ya gramu 0.1. Maji ya bahari yataacha gramu 3.5 hivi. Pimeni ikiwa bado moto kidogo, kwa sababu chumvi hiyo hunyonya unyevu wa hewa. Mizani ya jikoni ya gramu nzima haitoshi.

Mchu wenye mashina manne kutoka chini unahesabiwaje? (Lamu)
Shina likigawanyika chini ya mita 1.3, pimeni kila shina peke yake, lakini kwenye idadi andikeni mti mmoja. Wekeni safu ya namba ya mti na safu ya namba ya shina. Wasiofanya hivyo hupata msitu mnene ambao haupo.

Tope letu ni jeusi na linanuka yai bovu. Je, kuna taka za kiwandani? (Mombasa)
Harufu hiyo peke yake haithibitishi taka. Topeni hakuna oksijeni, na bakteria hutumia salfeti ya maji ya bahari wakitoa gesi hiyo. Tafuteni dalili nyingine: utando wa mafuta, mizizi ya kupumulia iliyofunikwa, majani yanayopukutika upande mmoja wa mfereji tu.

Huku kwetu mikandaa ni jina la miti yote, na mkoko tunauita mkaka. Tufuate lipi? (Unguja)
Fuateni la kwenu, ndugu zetu. Jina la kisayansi likiwa kando, hakuna atakayepotea.

Tuko Ifakara, hatuna bahari. Somo hili linatufaa kwenye bonde la Kilombero? (Morogoro)
Mpangilio unafaa, vipimo vinabadilika. Badala ya bamvua tumieni kimo cha mto cha msimu, fimbo zikae tangu mwanzo wa mvua hadi maji yashuke. Chumvi iacheni. Ploti ya majani iwe mita 1 kwa 1, na mkadirie asilimia ya udongo uliofunikwa na kila aina badala ya kupima mashina. Na kiboko na mamba hawana jedwali: msiingie penye maji bila mtu wa hapo.

Tumepata chupa ya katikati imejaa, ya chini yake tupu. Imekuwaje? (Kwale)
Ya chini imepasuka, au kaa ameigusa ikainama. Tazameni zilizo juu na chini yake. Mfululizo ukiwa sawa, irukeni. Zikiwa mbili au tatu tupu, rudieni fimbo hiyo bamvua ijayo, wiki mbili baadaye.