Jinsi ya kuweka ukomo wa muda kwenye faili na folda zinazoshirikishwa katika SharePoint na OneDrive

Msimamizi wa Microsoft 365, huduma yenye SharePoint (tovuti za pamoja za shirika) na OneDrive (hifadhi ya faili ya kila mtumiaji), anapaswa kufahamu tangu mwanzo kwamba kuna mipangilio miwili tofauti ya ukomo. Mmoja unahusu viungo ambavyo mtu yeyote anaweza kuvifungua bila kujitambulisha, na mwingine unahusu wageni wanaoingia kwa majina yao. Wengi huweka ule wa kwanza wakadhani wamemaliza kazi.

Hatua ya 1. Ingia katika kituo cha usimamizi cha SharePoint, fungua "Policies", kisha "Sharing". Ukiona kwamba shirika lako haliruhusu kabisa viungo vya "Anyone", yaani vile vinavyofunguliwa na mtu yeyote, mpangilio wa kwanza haukuhusu. Nenda moja kwa moja hatua ya 4.

Hatua ya 2. Katika sehemu ya viungo vya "Anyone", weka alama kwenye kisanduku kinacholazimisha viungo kuisha muda na uandike idadi ya siku, ambayo haizidi 730. Kwa maoni yangu siku 30 zinatosha kwa kazi nyingi, kwa kuwa mwenye faili anaweza kutengeneza kiungo kipya pale anapokihitaji. Kabla ya kuhifadhi, hata hivyo, zingatia viungo vilivyokwisha kusambazwa: ukomo mpya ukiwa mfupi kuliko wa zamani, viungo hivyo hufupishwa kuufuata, lakini ukiwa mrefu zaidi, hubaki na tarehe zake za awali. Kwa sababu hiyo, watangazie watumiaji mabadiliko mapema, la sivyo watakaokwama ni watu wa nje ambao hawana njia ya kujua kilichotokea.

Hatua ya 3. Papo hapo, amua ruhusa za viungo hivyo, kwa faili na kwa folda kila moja peke yake. Folda inahitaji uangalifu zaidi, kwani aliye na kiungo chake huona pia kila faili litakaloongezwa humo baadaye, hata kama aliyeliongeza hajui kwamba folda imeshirikishwa nje. Mimi huiachia folda ruhusa ya kutazama tu.

Hatua ya 4. Washa ukomo wa wageni na uchague kati ya siku 30 na 730. Sera hii huwagusa wageni wanaotumia viungo au wanaopewa ruhusa ya moja kwa moja baada ya kuwashwa kwake. Waliokuwa na ruhusa kabla ya hapo itakubidi uwapitie wewe mwenyewe. Msimamizi wa tovuti husika anaweza kumwongezea mgeni muda kupitia ukurasa wa ruhusa za tovuti.

Hatua ya 5. Ikiwa unaruhusu viungo vya "Anyone", tovuti yenye nyaraka nyeti iwekee ukomo wake wa viungo hivyo kwa PowerShell (zana ya kuandika amri), ukibadilisha anwani na idadi ya siku:

Set-SPOSite -Identity anwani-ya-tovuti -OverrideTenantAnonymousLinkExpirationPolicy $true -AnonymousLinkExpirationInDays 7

Hatimaye, tengeneza kiungo cha "Anyone" cha majaribio na uhakikishe kwamba tarehe ya mwisho imejaa yenyewe na haikubali kusogezwa kupita ukomo. Wakumbushe watumiaji pia kwamba kuisha kwa kiungo hakufuti faili lenyewe, wala hakurudishi nakala ambayo mtu alikwisha kuipakua.