Somo: Shika miguu ya mzee kabla hajalala

Mzee anayekesha ukimuuliza kama anasikia baridi, atasema yuko sawa. Usiishie hapo. Wazee wengi wanaokosa usingizi hawatambui vizuri joto linalowafaa kulala. Mshike miguu mwenyewe; ikiwa ni ya baridi, fuata hatua zilizo hapa chini.

Jioni mishipa ya damu ya mikono na miguu hutanuka, joto hutoka nje kupitia ngozi, na ndani ya mwili kunapoa. Hapo ndipo usingizi huja. Uzeeni mishipa hiyo huwa mizito kutanuka. Mwaka 2008 watafiti wa Uholanzi waliwavisha wazee vazi lenye mirija ya maji, wakapandisha joto la ngozi kwa nyuzi 0.4 tu. Usingizi mzito uliongezeka, hata kwa waliokuwa na tatizo la kukesha. Kiasi kidogo namna hiyo!

Hatua ya 1. Aoge maji ya moto, nyuzi 40 hivi, kwa dakika kumi, saa moja au mbili kabla ya kulala. Akioga na kupanda kitandani papo hapo, mwili haujapata nafasi ya kupoa. Ainuke polepole na awe na mtu karibu, maana maji ya moto hushusha presha, na mzee akianguka bafuni anaweza kuvunjika nyonga.

Hatua ya 2. Soksi laini zisizobana.

Hatua ya 3. Chumba kipoe kidogo. Mablanketi mepesi mawili ni bora kuliko moja zito, apunguze anapotaka.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Mama ana kisukari, nimwekee chupa ya maji ya moto miguuni?*

Marahaba. Hapana, tafadhali. Kisukari huweza kuua hisia za miguu, akaungua bila kujua. Hata kuloweka miguu aache. Soksi zinamtosha, na kila asubuhi mkague nyayo.

*Nina miaka 71. Usingizi naupata, ila saa tisa usiku macho makavu mpaka kunakucha.*

Pole sana. Uzeeni saa ya mwili huwahi: joto hushuka mapema jioni, na alfajiri huanza kupanda mapema. Jioni kaa nje kwenye mwanga wa jua, usisinzie kwenye kiti. Blanketi la ziada liwe karibu na mkono. Ikiwa unakoroma hadi pumzi inakatika, nenda kwa daktari kwanza, kwani hilo soksi haziliponyi.