Mtoto anachagua chakula? Mwite jikoni

Kama uko na mtoto ukimwekea dodo (mchicha) anaisukuma pembeni na kidole kama umemwekea mdudu, hauko peke yako. Kijana wangu wa kwanza alifika miaka 3 anakula chapati, ndizi mbivu na chai ya maziwa tu, basi. Nilimbembeleza, nikamtisha, nikamwahidi soda, na kila jioni ilikuwa machozi, yake na yangu. Kilichosaidia ni kumpa kazi jikoni, kazi ya kweli ambayo asipoifanya chakula kinachelewa, halafu mimi nikaacha kumsumbua wakati wa kula.

Elewa hii kwanza. Kati ya miaka 2 na 6 watoto wengi wanaogopa chakula kigeni, ni umri tu, si kiburi na si kwamba umemlea vibaya. Tena uchungu wa mboga wanausikia kuliko sisi. Mtoto anaweza kukutana na chakula kimoja mara 10 hata 15 ndo akikubali, sasa sisi tunapika nakati, ile mboga ya majani, mara mbili akikataa tunatangaza kwa majirani "huyu nakati hali." Jikoni hizo mara zinapita bila vita, kwa sababu akichambua dodo ameishika, ameinusa, ameona ikinywea kwenye sufuria, hiyo yote inahesabika hata kama hajaonja.

Chagua siku huna haraka, mi napenda Jumamosi asubuhi, si jioni umetoka kazini mtoto ana njaa na usingizi. Hapa kwetu Walukuba, Jinja, Uganda, wengi tunapikia nje, so nachukua kipande cha mkaa nachora mstari kuzunguka sigiri (jiko la mkaa), mbali kabisa, namwambia huu mstari hauvuki. Na mvua ikinyesha usiingize sigiri kwa chumba ukafunga mlango, ile hewa ya mkaa haionekani lakini inaua.

Kazi inategemea umri. Wa miaka 2 anaweza kuchuma majani ya dodo kwenye kijiti na kuosha nyanya kwa beseni, atamwaga maji, mwache. Wa 3 na 4 achague maharage, atoe mawe na yaliyooza. Karanga mi nangoja mpaka miaka 5, maana karanga nzima inaweza kumkaba mdogo, lakini akifika hapo mfundishe kutoa zile zenye ukungu na zilizosinyaa, hizo ndo zinabeba sumu ya aflatoksini. Umri huo pia anavunja yai na kukata ndizi mbivu na kisu butu. Kumenya matoke bado, kisu ni kikali na ule utomvu hautoki kwa nguo.

Sasa chakula cha kuanzia, naomba uanze na rolex, ile chapati ya kukunjwa na yai. Watoto wanaijua, wanaiona kila kona ikikaangwa, haiwaogopeshi. Chukua mayai 2, nyanya 1 ndogo, kitunguu robo, chumvi kidogo, na dodo iliyokatwa nyembamba. Yeye avunje mayai, aoshe mikono na sabuni maana yai bichi lina vijidudu, halafu apige na uma, na dodo aweke mwenyewe. Ukimuuliza majani mangapi akasema mawili, sawa, mawili. Wiki ijayo muulize tena. Kukaanga ni wewe, ukimaliza weka yai juu ya chapati kwenye sahani, ikipoa kidogo aikunje yeye. Hapo kwa kukunja ndo utaona sura yake inabadilika. Na tafadhali usimfichie mboga ndani halafu umwambie hakuna kitu, siku akigundua hata chapati yako ataikagua.

Ya pili ni viazi vitamu vya rangi ya machungwa. Vina vitamini A nyingi, na ni fahari yetu pia kwa sababu Robert Mwanga, Mganda mwenzetu, ni mmoja wa watu 4 waliopewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2016 kwa kazi ambayo hivi viazi vilikuwa sehemu yake kubwa. Chemsha, vipoe, mpe mwiko aponde mwenyewe, halafu achanganye na binyebwa (mchuzi wa karanga), kwa sababu vitamini A inahitaji mafuta ndo mwili uichukue.

Wakati wa kula funga mdomo. Kuna mtaalamu wa lishe wa Marekani, Ellyn Satter, anasema mzazi anaamua chakula gani, saa ngapi na wapi, mtoto anaamua kama atakula na kiasi gani. Hiyo ni ngumu, najua, lakini shikilia. Kila mlo weka kitu kimoja ambacho anakula tayari, hata posho (ugali) tupu, usipike chakula cha pembeni. Chai isogeze mbali na mlo, inajaza tumbo na majani yake yanazuia madini ya chuma ya maharage na mboga kuingia mwilini.

Jaja (bibi au babu yake) akisema mtoto wa kiume hakai jikoni, mwambie kwa heshima, "Jaja, huyu anajifunza kula," na umpe sahani aliyopika mjukuu.

Ila kama mtoto anapungua uzito, anakabwa mara kwa mara akila, au vyakula anavyokubali vinazidi kupungua, hiyo si ya kumaliza jikoni, mpeleke kituo cha afya.

Kwetu mukene, dagaa wa ziwani, ndo ilichukua muda mrefu kuliko vyote. Tunainunua Masese ikiwa imekauka, wiki ya kwanza kijana alishika pua na kazi yake ikawa kubeba kaveera (mfuko wa plastiki) tu. Baadaye akaanza kutoa vichwa, halafu kutwanga kwa kinu kidogo, kijiko kimoja tunaweka kwa binyebwa. Karibu miezi miwili hakuonja. Siku moja akachovya posho bila mtu kumwambia, nikageuka nikajifanya nachochea moto. Sasa anaomba aongezewe, ila vichwa bado hataki, hivyo ni vya paka.