Jino hili usilirushe juu ya paa

Meno ya utoto tuliyarusha juu ya paa. La ukubwani likitoka zima na mzizi wake, linaweza kurudi mahali pake, ukiwahi.

Mimi sikuwahi. Nilikuwa zamu uwanjani, mtoto wa darasa la tatu akajigonga mdomo kwenye mlingoti wa goli. Niliokota jino mchangani, nikalifunga kwenye karatasi ya chooni, nikamsubiri mama yake. Lilipofika kwa daktari lilikuwa limekauka. Jambo hilo linaniuma hadi leo, ndiyo maana nawaandikia walimu wenzangu.

Mtazame mtoto kwanza. Akiwa amezimia, anatapika au anababaika, jino lisubiri. Kichwa kwanza, hospitali mara moja. Akiwa mzima, akalishwe, mwenzako amtulize, wewe utafute jino. La utoto halirudishwi, litaumiza linalokua chini yake. Ya ukubwani ya mbele huota kati ya miaka 6 na 9, nayo ni mapana zaidi.

Lishike upande mweupe unaoonekana mtu akicheka. Mzizi usiuguse kabisa: umevikwa utando wa chembe hai, ndizo zitakazolishikiza tena kwenye mfupa. Usisugue, usikwangue, usipake spiriti. Lina mchanga? Lisuuze kwa maziwa au maji safi, sekunde chache tu. Kisha lirudishe tunduni taratibu, uso wake wa mbele ukiwa mbele, mtoto aume leso safi. Mkono utakutetemeka. Fanya hivyo hivyo. Hakuna msaada mkubwa kuliko huo, na kila dakika ina thamani.

Ukishindwa, litumbukize kwenye maziwa freshi, hata ya pakiti. Mtindi hapana, una asidi. Pasipo maziwa, mtoto ateme mate kikombeni, liloweke humo. Usiliache kwenye maji matupu, yanaharibu zile chembe. Kukauka ndiko kubaya zaidi: kwa saa moja nyingi zimekufa. Hata hivyo lipeleke, daktari aamue mwenyewe.

Kwa daktari wa meno nendeni saa hiyohiyo. Hulifunga na majirani zake kwa waya mwembamba kama wiki 2. Muulize kuhusu chanjo ya pepopunda, na msikose tarehe za kurudi, maana mzizi uliokomaa huhitaji kutibiwa ndani.

Kabati letu la huduma ya kwanza sasa lina pakiti ya maziwa yasiyohitaji friji. Kila muhula naibadilisha mwenyewe.